Kiti cha Nyuma cha Gari Yangu

Mkaza mwanangu alijifungulia ndani ya gari yangu, asubuhi, hatujafika hata barabara kuu ya Mkoani. Mtoto akalia, mke wangu akasema alhamdulillah, na neno la kwanza alilolitoa yule mzazi, sauti haina nguvu, alinambia mimi:

"Baba, gari isionekane na mtu."

Nikamjibu, "Haitaonekana."

Basi. Yote niliyoyafanya siku ile, hata yaliyonifanya nichekwe mji mzima wa Chake, yalitoka katika jibu hilo. Nayaandika leo kwa sababu mwenyewe kaniruhusu. Kasema, "Andika baba, lakini jina langu usiliweke." Sitaweka jina la mtu yeyote, hata langu halimo. Atakayenijua kwa maneno yangu na anijue.

Mimi skuli sikukaa. Nilipojua kusoma juzuu na kujumlisha, baba akasema inatosha, shuka kabebe. Nikabeba magunia ya karafuu za watu, nikabeba saruji, mwisho nikawa nauza saruji mwenyewe. Gari yangu sikuachiwa na mtu. Ni saluni nyeupe ya Kijapani, viti vya kitambaa rangi ya maziwa. Nilipoichagua watu walinambia rangi ile haifai kwa Pemba, udongo wetu mwekundu. Nikawajibu kwamba anayepanda kwangu anafuta miguu.

Mwanangu wa kiume yuko Maskati kwa kazi, mkewe anakaa kwangu. Uchungu ulimshika kabla ya alfajiri. Mke wangu akasema mimba ya kwanza haina haraka, tusali kwanza, tuondoke kukipambazuka. Mtoto hakungoja. Tulipofika pale njia ya Wambaa inapoliwa na mashimo, nikasikia mke wangu anapiga ukelele nyuma yangu:

"Geuza kioo hicho!"

Nikakishika kile kioo cha juu, cha kutazamia nyuma, nikakigeuza kikaelekea darini. Asiye wa kwetu hatafahamu. Kwetu siye, mkwe mwanamme na mke wa mwanawe hawali sahani moja. Akinisalimu, uso wake kaugeuzia mlangoni. Tangu aingie nyumbani kwangu sijapata kuuona hata unywele wake mmoja. Na sasa anazaa nyuma ya mgongo wangu, karibu ya kuweza kunishika bega. Niliendesha shingo imekuwa gogo. Sikugeuka. Mtu anaweza kunituhumu mambo mengi, lakini hilo la kugeuka hapana.

Hospitali ya Mkoani wakampokea, mama na mtoto wazima, na wa kiume. Mimi nikabaki ndani ya gari, macho mbele, kama bado naendesha. Baada ya muda mke wangu akaja dirishani. Alikuwa keshatandika khanga kiti chote cha nyuma.

"Umeona?" akaniuliza.

"Sikuona kitu."

"Basi usione. Lakini gari ikaoshwe sasa hivi, damu ikikauka haitoki tena. Na asiione mwanamme."

"Waosha gari wote wanaume, mama."

"Mie sijui. Aliyemwahidi nani?"

"Niirudishe nyumbani?"

"Nyumbani majirani washajaa uwanja mzima, wanangoja habari. Utaufungua mlango mbele ya nani? Na maji yake yasitiririke njiani watu wakayakanyaga. Damu ya uzazi inafukiwa, haiachwi juu ya ardhi." Akainama zaidi, akashusha sauti. "Na mama wa mzazi katoka Shumba. Keshapanda gari, adhuhuri atashuka Chake. Nimemwambia utamchukua."

"Atakaa wapi?"

Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyepoteza akili. "Mkweo akae mbele na wewe?"

Mwanamke mzima, mtu wa swala, mkwe wangu, hawezi kukaa mbele bega kwa bega na mimi. Atakaa nyuma. Na nyuma hapakaliki.

Nikashika njia ya Chake, vioo vimefungwa. Jua lilikuwa linapanda, na ile harufu inapanda nalo. Si harufu mbaya, ni harufu ya mtu, lakini katika gari iliyofungwa inakushika kooni. Nikawa nafikiri.

Chake pa kuoshea gari mimi najua pawili. Kwanza ni pale kwetu sote, chini ya mteremko, kando ya barabara. Pana bomba la presha, matambara, na benchi la watu wanaongoja zamu na wengine wasiongoja kitu. Unakunywa kahawa, gari yako inamwagiwa maji, unaondoka. Mimi ni mtu wa pale miaka mingi. Pa pili palifunguliwa juzi juzi, ndani ya banda lenye mlango wa bati, na wenyewe wanapaita ditelingi. Gari inaingia asubuhi inatoka jioni. Wanaifyonza, wanaipaka povu, wanaisugua kwa viburashi kama vya meno, na bei yake sitaki kuitaja.

Mahali hapo nilipatukana mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, barazani. Nilisema, "Gari si biharusi. Gari inaoshwa, haisingwi kwa manukato." Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Neno likapita mji mzima, nikawa nasalimiwa nalo. Nami nilifurahi, nisiseme uongo. Mtu asiye na skuli akitoa neno likashikwa na watu wenye skuli, anafurahi.

Basi kwanza nikaenda kwa watu wangu. Nilikuwa na fikira moja: nitamwita yule mkubwa wao pembeni, nitamwambia awaondoe watu, aoshe haraka, asitazame. Njiani fikira ile ilionekana ina akili.

Nilipoteremka mteremko nikaona benchi limejaa. Katikati kakaa mtani wangu, dereva wa teksi, mdomo wake hauna kitasa. Hata sijazima moto keshasimama.

"Ehee, tajiri wa saruji! Vioo vyote juu na jua hili, unaatamia mayai?"

"Waleikum salam," nikamwambia, kumkumbusha kuwa hakusalimu.

"Salam baadaye. Fungua yakhe, nikae ndani nile kiyoyozi." Akazunguka, akashika kitasa cha mlango wa nyuma. Nilikuwa nimefunga kwa ndani. Akatikisa. "Yafungwa? Kunani mle?"

"Mna mambo yangu."

Akaweka viganja viwili kwenye kioo kama anayechungulia dukani.

"Mna khanga!" akapiga kelele. "Jamani, nimeiona khanga mie! Mzee keshaoa kwa siri, bibi kamlaza kitini!"

Benchi zima likaangua kicheko. Wawili wakanyanyuka kuja kuangalia. Na huku muosha gari keshalivuta bomba, anakuja upande ule ule, maji yanachuruzika, yanapita barabarani na kushuka mtaroni ambako akina mama walikuwa wanavuka na vikapu. Nikayaona maji yale yanavyokwenda. Nikayaona na miguu ya watu.

"Mzee, nianze ndani leo?" Mkono wake uko mlangoni.

"Usiguse!"

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Mtani wangu akaacha kucheka, akanitazama kwa jicho jengine kabisa, la mtu anayeanza kuuliza kweli. Nalijua jicho hilo. Akiuliza kweli yule, kabla ya laasiri jambo liko Wete. Ilibidi nimpe kitu cha kula, na nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa kimoja tu.

"Msiiguse kwa matambara yenu," nikasema. "Leo naipeleka kwa wale wa bandani."

Halafu benchi likapasuka.

"Kusingwa!" mtani akajipiga mapaja. "Gari inakwenda kusingwa! Ndo maana ya khanga! Kaitia khanga, biharusi hatoki wazi!"

"Mzee, na udi uifukize!"

"Na hina matairini!"

Nikatia gia nikaondoka. Kicheko chao kilinifuata mpaka juu ya mteremko. Kiliniuma, lakini niliwashukuru. Mtu anayecheka haulizi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza tena khanga ile ya nani.

Bandani nikapiga honi, mlango wa bati ukafunguliwa, nikaingia. Ndani pasafi kama msikiti, taa nyeupe juu, chupa zimepangwa. Anayefanya kazi pale ni mtu wa Unguja, umri wa mwanangu mkubwa, glavu nyeusi mikononi.

"Shikamoo mzee. Karibu." Akanitazama vizuri. "Samahani, wewe si yule wa 'gari haisingwi'?"

"Ndiye. Funga mlango."

Akafunga. Naona alikuwa anazuia kucheka, nikamwacha azuie. Akachukua simu yake, akaiweka juu ya kisimamio chake chenye miguu mitatu na taa ya duara.

"Utaratibu wetu mzee, tunaanza na picha. Kabla na baada. Nitafungua milango yote minne—"

"Hakuna picha."

"Bila picha mzee kazi haionekani. Tunaweka mtandaoni, hilo ndilo tangazo letu. Namba ya gari tunaifuta."

"Nimesema hakuna picha."

Akatabasamu kwa upole, akidhani kanifahamu. "Mzee, kama ni kuona haya kwa lile neno lako, uso wako hatuutoi. Gari tu."

Nilitaka kumjibu vibaya, lakini macho yangu yalikuwa yashapanda ukutani. Pembeni juu, karibu na dari, pana kidude cheusi chenye nukta nyekundu.

"Na ile?"

"Ile ya bosi. Yeye yuko Dar, anatuangalia kwa simu. Hiyo haizimwi."

Nilipomtazama akaongeza kwa haraka, "Si mimi mzee. Ndiyo masharti ya kazi."

Pale nikaona nimetoka kwenye macho ya watu kumi nikaja kwenye macho ya dunia. Chini ya mteremko wangeona wale wa benchi. Hapa ataona bosi Dar, na kama bosi anapenda tangazo wataona na wa Maskati, na mwanangu ataona kiti cha gari ya baba yake ndani ya simu yake. Nikavuta ndoo, nikaigeuza chini juu, nikapanda. Nikavua kofia yangu, nikaivika ile kamera.

"Mzee!"

"Sikiliza," nikamwambia, ningali juu ya ndoo, kichwa wazi. "Ndani ya gari hii mna jambo la wanawake. La mtu wangu. Nimemwahidi halitaonekana na mtu. Na wewe ni mtu."

Akatazama kwenye kioo, akauona upindo wa khanga. Tabasamu likamtoka. Akarudi nyuma hatua, akageuza uso, na kwa hilo nikajua kwamba kazaliwa na watu.

"Mzazi?" akauliza, anazungumza na ukuta.

Nikashuka kwenye ndoo.

"Wazima?"

"Wazima."

"Alhamdulillah." Akakwaruza koo. "Lakini mzee, nitaoshaje kitu nisichokiona?"

"Huoshi. Naosha mimi."

Hapo tukagombana kweli. Akasema mashine ile ni ya bosi, imetoka nje, ikiungua kazi hana. Nikamwambia ikiungua achukue gari. Akasema haiwezekani. Nikamwambia basi afungue mlango nitoke, niende nikaoshe baharini mbele ya wavuvi, na yeye alale usingizi mwema. Akashika kichwa. Mwisho akaniuliza kwa nini nisimwachie mke wangu, nikamwambia mke wangu yuko hospitali na mzazi, na adhuhuri mama wa mzazi anakuja kukikalia kiti hiki hiki.

Halafu akavuta mashine.

"Hii inamwaga maji safi. Hii inavuta. Povu hili kwanza, unaliacha kidogo, unapapasa kwa burashi hii, kisha unavuta. Usimwage maji kwa ndoo, sponji ya ndani haitakauka wiki nzima."

"Maji yanayovutwa yanakwenda wapi?"

"Yanaingia tangi hili. Nikimaliza namwaga shimoni, nyuma ya banda. Limefunikwa kwa zege."

"Ardhini?"

"Ardhini, mzee."

"Na mwisho yanapita maji matupu, hayana sabuni wala manukato?"

Akafahamu ninachouliza. Povu lao lote na harufu zao za maua haziondoshi najisi. Mkwe wangu ni mtu wa udhu, na nguo atakayokaa nayo ndiyo atakayosalia. "Mwisho maji matupu," akasema. "Yanapita yote, na kutoka."

Hilo ndilo lililonikatia shauri. Si usafi wao wala bei yao. Kwa watu wangu maji yangepita njiani, kwa huyu yanaingia ardhini. Kwa watu wangu pana macho ya benchi zima, na kwa huyu macho mawili, nayo yashageuka ukutani. Akatoka kwa kile kimlango kidogo, akakifunga, akasimama nje kukipa mgongo. Kivuli cha visigino vyake nilikiona chini ya bati.

Nikafungua mlango wa nyuma, nikainua khanga.

Sitaeleza nilichokiona. Kuna vitu mtu akiviandika kavionyesha. Nitasema kwamba nilisimama, mimi niliyegeuza kioo kisielekee nyuma, na ilinibidi nitazame, maana asiyetazama haoshi. Nikasema bismillah, nikapiga magoti.

"Usisugue kwa nguvu mzee!" sauti ikatoka nje. "Kitambaa kitaota nywele. Papasa!"

"Napapasa!"

"Nasikia unasugua!"

"Masikio yako ndiyo yanasugua! Nyamaza!"

Mashine ikaanza kuvuta, mvumo wake kama gari la mizigo linapanda kilima. Maji yakawa yanapita katika mpira mweupe, na rangi yake naiona, nikawa natazama mpira badala ya kiti. Nilipata mwendo wangu. Kazi ni kazi, hata hiyo. Nikavuta, nikatia povu tena, nikavuta.

Mara nikasikia kishindo kwenye bati. Mtu anapiga kwa kiganja, haraka haraka. Halafu sauti ya yule mtu wa Unguja, imebadilika, laini:

"Ndiyo bosi... Kamera? Umeme, bosi. Umekatika hapa mtaa mzima."

Na mashine yangu inanguruma.

Nikaruka kuizima. Banda likawa kimya hata nikasikia tone likianguka kutoka kwenye burashi. Nikabaki pale, magoti sakafuni, pumzi nimeibana, mtu mzima na ndevu zangu nyeupe, kama mwizi ndani ya gari yangu mwenyewe.

"Mvumo? ... Jenereta la jirani hilo, bosi... Hapana. Hakuna mteja. Leo kimya."

Maneno machache, na ndani yake alikuwa kaiweka kazi yake yote. Mimi sikumwomba aseme uongo. Alipokata simu akasema kwa sauti ya chini, mdomo kwenye bati, "Endelea mzee. Lakini upesi. Akipiga tena, mie basi."

Nikaendelea.

Nilikuwa nimefika kwenye maji matupu ya mwisho nilipoisikia sauti nyengine nje, na hiyo sikuhitaji kuuliza ya nani.

"Yakhe, mzee wangu yumo?"

"Yumo."

"Nifungulie nikamwone anavyoisinga."

"Hairuhusiwi."

"Hairuhusiwi na nani? Huyo mtani wangu mimi, hata akifa nitamchezea jenezani. Ondoka mlangoni."

Nikasikia nguo zinasuguana na bati, nikasikia yule wa Unguja anasema "tafadhali, tafadhali," na kimlango kikaanza kusukumwa. Hakikuwa na komeo kwa ndani. Nikarukia nikakiweka mguu. Milango ya gari nyuma yangu iko wazi, khanga iko sakafuni, tangi limejaa. Akiingia ataona yote kwa jicho moja.

"Mzee! Fungua! Umejifungia na biharusi?"

Nikamwambia neno lililonijia. "Niko uchi!"

Kusukuma kukasita. "Uko nini?"

"Nimevua nguo! Zimerowa, nimezitundika. Nasimama hapa kama nilivyozaliwa. Unataka kumwona mzee mwenzio utupu wake, ingia. Kesho Mungu atakuuliza."

Halafu kicheko, kicheko ambacho sijapata kukisikia kwake, cha mtu anayeshika ukuta asianguke. "Kavua nguo! Laa ilaaha illa llah, wanasingwa wote wawili!" Akaondoka anakohoa na kucheka, na nikamsikia mpaka kwenye kona akimwambia mtu mwengine.

Nguo zangu zilikuwa mwilini, kanzu imerowa magotini tu. Lakini habari ndiyo hiyo ilivyokwenda, na ndiyo ilivyobaki. Kuna watu Chake mpaka leo wanaamini kwamba nilivuliwa nguo bandani nikapakwa povu pamoja na gari yangu. Wananiuliza barazani, mbele ya wageni, kama ngozi imelainika. Mimi niliyejijenga kwa bega langu, niliyekuwa nikitoa neno likashikwa, sasa mimi ndiye neno. Nawaacha.

Nilipomaliza, kiti kilikuwa kibichi lakini kisafi. Rangi yake ya maziwa imerudi, ila mshononi pamebaki kivuli kidogo ambacho asiyejua hakioni. Nikatandika juu yake karatasi la nailoni, na juu yake mkeka wangu wa kusalia. Khanga nikaifunga, nikaitia mfukoni mwa koti. Tangi tulilimwaga pamoja shimoni, yeye kashika upande mmoja na mimi mmoja, yeye katazama juu. Akapanda ndoo mwenyewe akanishushia kofia yangu. Nikamlipa kamili, mimi sipunguziwi.

"Mzee," akasema ninapotia moto, "mtoto gani?"

"Wa kiume."

"Mungu amkuze."

Mkwe wangu alikuwa keshashuka, kasimama kwenye kivuli cha duka, buibui lake jeusi, kikapu cha kuku na chupa ya maji mkononi. Tukasalimiana kama tunavyosalimiana siku zote, yeye anatazama kikapu na mimi natazama usukani. Nikampa hongera ya mjukuu, akanipa yangu. Nikapokea kikapu chake, akaingia nyuma.

Hatujatoka mjini akasema, "Kiti kina umande, mkwe."

"Nimekiosha."

Nikaendesha. Nikasikia mkono wake unapapasa mkeka, halafu chini ya mkeka, halafu umetulia. Mwanamke aliyezaa na kuzalisha watoto wa wenziwe huyu, hana haja ya kuelezwa mtoto kazaliwa wapi. Tukapita Ngwachani.

"Nani kaosha?"

Ningeweza kumwambia wako watu wa kazi hiyo. Lingekuwa jibu jepesi. Lakini hilo lingemfanya aende kwa mwanawe akijua kwamba kuna mwanamme mahali fulani, asiyemjua, aliyeona.

"Mimi."

"Nani mwengine?"

"Hakuna."

Nikasubiri. Sikujua ni lipi baya zaidi kwake, kwamba kaona mtu baki au nimeona mimi, mkwe, ninayepaswa kuona kidogo kuliko wote. Hapo tu ndipo nilipolipima jambo hilo kwa upande wa pili, na nikaona huenda nimeitunza ahadi kwa njia itakayonifungia mlango wa watu wa Shumba maisha yangu yote.

"Simamisha gari," akasema.

Nikasimamisha kabla ya Mtambile, kando. Nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa. Nikajua anateremka, atapanda gari ya abiria, na hatasema sababu, na mimi nitafika hospitali peke yangu. Sikumzuia. Nikatazama mbele.

Akazunguka, akaja mlangoni kwangu. Akaufungua.

"Toa mikono."

Nikamtazama, naye ananitazama, uso kwa uso, jambo ambalo halijapata kutokea baina yetu.

"Toa mikono, mkwe. Kucha zako."

Nikaangalia. Chini ya kucha zote mlikuwa na weusi wa ile damu, na pembeni mwa kidole gumba. Nilishika usukani, nilitoa salamu, nilipokea kikapu chake, na mikono hii.

Nikashuka, nikaikunja mikono ya kanzu, nikainyoosha. Yeye akafungua chupa akanimiminia, kidogo kidogo, kama mwenye nyumba anavyomnawisha mgeni kabla ya chakula. Gari zilikuwa zinapita, moja ikapiga honi, mtu akatoa kichwa kutazama mwanamke mzima anamnawisha mwanamme kando ya barabara. Hakuinua macho. Mimi nasugua, yeye anamimina.

"Na gumba," akasema.

Nikasugua gumba. Akaitazama mikono yote, mbele na nyuma, akatikisa chupa ikatoka tone la mwisho, akaifunga.

"Twende," akasema, anarudi kwenye kiti chake. "Mzazi hajala."